Mgeni akisema hapana: kuzuia na kufuta vidakuzi kwenye tovuti yako

Juzi nilimsaidia mwenzangu ambaye tovuti yake ina bango la kuomba ridhaa ya kuweka vidakuzi (cookies, taarifa ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari cha mgeni). Ukibofya "Kataa", bango linaondoka. Tulipochungulia ndani ya kivinjari tukakuta vidakuzi vya takwimu vimeshakaa tangu ukurasa ulipofunguka, kabla mgeni hajajibu lolote. Hivi ndivyo tulivyorekebisha.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha, bonyeza F12, kisha nenda kwenye Storage (Chrome huiita Application). Usiguse bango. Andika jina, kikoa (domain, mfano example.com) na muda wa kila kidakuzi unachokiona. Mimi hutumia Firefox kwa kazi hii. Dirisha la kawaida halifai, lina mabaki ya ziara zako za nyuma. Kagua na localStorage (hifadhi nyingine ya tovuti ndani ya kivinjari), maana sheria ya Ulaya inagusa chochote kinachohifadhiwa kwenye kifaa cha mgeni, si vidakuzi peke yake.

Hatua ya 2: Tenga

Kidakuzi cha kuingia kwenye akaunti, cha kikapu cha manunuzi na kile kinachokumbuka jibu la mgeni vinabaki. Vya matangazo na vya kufuatilia watu visubiri ruhusa.

Hatua ya 3: Zuia skripti

Ipe kila skripti (msimbo wa JavaScript) inayosubiri ruhusa type="text/plain" ili kivinjari kisiiendeshe. Mgeni akikubali, tengeneza elementi mpya ya script na uiwekee src (anwani ya faili la skripti). Kubadilisha type ya ile ya zamani hakutoshi, haitaamka. Kwa video za YouTube, napendelea kuweka picha tu, na video ipakiwe mgeni akiibofya.

Hatua ya 4: Bango

Vitufe viwili, ukubwa mmoja, rangi zenye uzito sawa. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa tiki mapema si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa hakukuwa rahisi kama kukubali. Bango lenyewe liandike mwenyewe ukiweza. Mabango mengi ya kupakua huja na skripti zake za ziada, na hizo nazo utalazimika kuzikagua.

Hatua ya 5: Mgeni aliyekubali akibadili nia

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi inayotumika tangu Mei 2018, inataka kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Kwa hiyo weka kiungo cha "Mipangilio ya vidakuzi" chini ya kila ukurasa. Kazi ni kufuta vile vilivyokwisha kuwekwa.

Kidakuzi hufutwa kwa kukiandika upya na Max-Age=0 (muda wa kuishi sifuri), ila jina, kikoa na njia (path, sehemu ya tovuti ambamo kidakuzi kinatumika) lazima vifanane na vya awali. Mimi nilikuwa nafuta kutoka www.example.com bila kutaja kikoa, kumbe skripti ya takwimu ilikiweka kwenye example.com. Kivinjari hakikutoa kosa lolote, kidakuzi kikabaki. Na document.cookie, njia ya JavaScript ya kusoma vidakuzi, haikusaidii, kwa kuwa inaonyesha jina na thamani tu. Ndiyo maana ile orodha ya hatua ya 1 lazima iwe na kikoa. Ongeza na safu ya njia.

Kisha nikafanikiwa kukifuta, na kikarudi baada ya sekunde chache! Skripti ilikuwa bado hai kwenye ukurasa, ikakiandika tena. Fuata mpangilio huu bila kuruka: hifadhi kwanza jibu la "hapana", futa vidakuzi, kisha upakie ukurasa upya.

Aina mbili za vidakuzi hazifutiki kwa JavaScript yako. Chenye HttpOnly (alama inayokificha kidakuzi kwa JavaScript) lazima kifutwe na seva. Kilichowekwa na kikoa cha kampuni nyingine hukifikii kabisa, kwa hiyo hatua ya 3 ndiyo kinga yako pekee dhidi yake.

Hatua ya 6: Jaribu

Mara tatu, kila mara kwenye dirisha jipya la faragha baada ya kufunga yote ya awali: kubali, kataa, kubali kisha ghairi. Kwenye jaribio la tatu subiri dakika nzima na ufungue kurasa mbili zaidi kabla ya kutazama Storage. Kile kidakuzi changu cha ukaidi kilionekana tena kwenye ukurasa wa pili.