Pete imepotea shambani? Weka jembe chini kwanza

Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu simu za watu waliopoteza pete zinakuwa nyingi kwangu. Ni baridi tu, hakuna mkono wa mtu hapo. Ukitoka Uyole ukapanda kuelekea Isongole, au ukiwa Njombe, Makete, Mufindi huko, asubuhi vidole vinasinyaa, pete iliyokuwa inakaza mwezi wa kwanza inaanza kucheza, mtu anaingiza mkono kwenye udongo wa baridi anachomoa viazi au ananawa kwenye ndoo, inateleza na anakuja kushtuka jioni akiwa jikoni. Basi anachukua jembe, anaita watoto, majirani wanakuja na majembe yao, shamba zima linafukuliwa, na wakishindwa kabisa ndo mtu anakumbuka kuna yule jamaa, yaani mimi, ana ditekta, mashine ya kupimia vyuma ardhini.

Hapo kazi imeshaharibika nusu. Pete iliyodondoka leo iko juu juu, sentimita tatu, tano, haizidi kumi, lakini ukishageuza udongo kwa jembe unaweza kuizika thelathini, na mashine nyingi za kawaida pete zinaisikia mpaka kumi na tano, ishirini hivi, ikienda chini ya hapo unapita juu yake na huna habari. Kwa hiyo mtu akinipigia, kabla hata sijauliza ni pete gani namwambia msichimbe, msifagie, chomekeni vijiti pale mnapohisi, watoto watoke. Na yule mwenye sumaku ya spika arudi nayo nyumbani, dhahabu haivutwi na sumaku, fedha vilevile, atajaza misumari tu. (Ile sumaku mimi huwa naiazima baadaye, inasaidia kusafisha misumari inayonipigia kelele.)

Sasa mashine. Huku tumezoea kuziona Chunya, Makongolosi huko kwa wachimbaji wadogo, na watu wengi wakisikia ditekta wanafikiria zile kubwa za dhahabu. Zile nyingi ni za aina ya PI, zinapiga chini sana na hazisumbuliwi na udongo wenye madini, lakini chuma na dhahabu hazitofautishi vizuri, yaani ukienda nayo kwenye uwanja wa nyumba ya mtu utachimba msumari mpaka jua lizame. Kwa kazi ya pete tafuta ya VLF, yenye kioo kinachoonyesha namba na sauti tofauti tofauti. Haihitaji kuwa ya bei mbaya, ya kuanzia tu ya Garrett au Minelab inatosha, ila kama una hela ya ziada usiongeze kwenye mashine, nunua pinpointa, kile kifimbo cha mkono cha kuchomeka kwenye shimo, maana bila hicho utakuwa unachambua udongo na vidole kama unachagua mchele.

Kitu cha kwanza ukifika ni kuizoesha mashine na udongo wa pale. Hii ndo watu wanairuka. Udongo wetu wa kuzunguka mlima Rungwe ni wa volkano, una chembe za chuma kibao, na ule mwekundu wa Iringa nao una chuma chake, ukiwasha mashine ikiwa na seti ya kiwandani inaanza kulialia yenyewe. Tafuta kipande kisicho na chuma chochote, bonyeza ile ya graundi balansi, pandisha na kushusha sahani (lile duara la chini linalosikia), iinue kama sentimita ishirini halafu ishushe karibu kugusa, rudia mpaka inyamaze. Ikiendelea kulia punguza sensitiviti, usione aibu, mashine inayosikia kidogo kwa utulivu inazidi mbali ile inayopiga kelele. Simu iweke mbali au izime, angalia nyaya za TANESCO juu yako, na kama umevaa buti za usalama zenye chuma mbele zivue, mimi nilizunguka na yangu siku nzima nikidhani mashine ni mbovu.

Baada ya hapo uliza pete ya mwenzake. Hii ni siri ambayo nisingeisema bure lakini basi. Wanandoa wengi wananunua pete jozi, duka moja, madini yaleyale, kwa hiyo mwambie mume avue yake (sabuni ikibidi), iweke chini kwenye udongo uleule, pitisha sahani, angalia namba. Hiyo ndo namba unayoitafuta, ongeza na punguza kidogo kwa sababu ya saizi na kina. Bila hivyo unabahatisha, maana dhahabu ina tabia mbaya, inasoma sehemu ileile ya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na vile vikamatio vya kopo za soda. Fedha inasoma juu zaidi, sauti nyembamba kali. Chuma kinakoroma chini. Ukiweka mashine ichuje takataka zote za katikati ili usisumbuke, umeichuja na pete yenyewe. Chuja chuma tu, vingine vyote chimba, kizibo cha bia ukikitoa mara ya arobaini jikaze.

Namna ya kupita. Sahani iwe sentimita mbili tatu toka chini, ilale sambamba na ardhi mwanzo mpaka mwisho, watu wengi wanafagia kama na chelewa, kule mwishoni wanainyanyua, na pale iliponyanyuka ndo hapajapimwa. Nenda polepole, kila ukipiga hatua lalia nusu ya ulipotoka. Vuta kamba mbili kutengeneza njia ya mita moja, maliza, hamisha kamba. Shamba la viazi lina matuta kwa hiyo nafuu ufuate tuta, juu kwanza kisha mfereji. Ukimaliza bila kitu usihame, pita tena kwa kukata njia za kwanza, kwa sababu pete ikisimama kwa ubavu inajibu kidogo sana, na iliyokatika ikaachia ndo mbaya zaidi, duara likishafunguka sauti inapotea. Mikufu pia hivyohivyo, usimuahidi mtu mkufu mwembamba.

Ukipata sauti inayorudia ukitokea pande zote mbili, geuka digrii tisini, isikilize tena, hapo ndo uweke alama. Chimba na mwiko wa fundi, sio jembe, jembe linakata na kukwaruza. Kwenye bustani ya watu, zile gadeni za harusi kwa mfano, kata majani pande tatu uyafunue kama jalada la daftari, udongo uweke juu ya kiroba, ukimaliza rudisha na ukanyage, wakirudi kesho wasijue ulichimba wapi. Udongo ukiwa mwingi ugawe mafungu mawili, kila fungu lipitishe mbele ya sahani, lisilolia tupa, linalolia ligawe tena.

Lakini haya yote ya mashine unajifunza wiki mbili. Kinachokupa pete ni maswali, na hili nililijua kwa kuaibika.

Mama mmoja huko juu Isongole, mtu mzima, pete ya ndoa miaka mingi. Nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, ananionyesha matuta: nilikuwa hapa mpaka pale. Mi bila swali la pili nikawasha. Masaa matatu. Betri moja ya redio imeoza, vizibo, kipande cha sufuria, shilingi mia mbili, mvua ya manyunyu, vidole vimekufa ganzi, mzee wake amesimama na mwavuli ananiangalia kama tapeli. Nikakaa chini kupumzika, akaniletea makande, akanimwagia maji nikanawe, na mi ndo akili ikanijia nikamuuliza, mama siku ile ulikula wapi? Akafikiri. Akasema hatukurudi nyumbani siku ile, nilikula palepale chini ya mparachichi. Ulinawa? Nilinawa. Maji ulimwaga wapi? Akanyoosha kidole hata hajamaliza kusema akanyamaza, akashika mdomo.

Ni hatua kumi na tano toka pale nilipoanzia. Ile namba ya pete ya mzee ikaja yenyewe, safi, mara ya pili ya kupitisha sahani, nikasukuma majani makavu ya parachichi na udongo kidogo tu, pete imelala kwenye tope lililokauka ina alama ya vidole vya kuku juu yake. Mama hakupiga kelele. Aliisugua kwenye kitenge akasema ndaga fijo, ndaga fijo, akaenda kukaa peke yake kwenye kidato cha ngazi.

Tangu siku hiyo nakaa na mtu nusu saa kabla ya kuwasha chochote. Mara ya mwisho kuiona una uhakika ni lini, uhakika sio kuhisi. Ulivua glavu wapi. Ulinawa wapi, ulimpa nani mkono, ulirusha nini. Mkono gani. Ulijipaka mafuta asubuhi? Kama pete ilirushwa kwa hasira (hizo zipo, na usiulize ugomvi ulikuwa wa nini), msimamishe palepale aliposimama, mpe nati au washa yenye uzito kama wa pete, mwambie rusha kama siku ile, mara tano, angalia zinaangukia wapi, hapo ndo eneo lako. Watu karibu wote wanadhani walirusha mbali kuliko walivyorusha.

Na kabla ya shamba pima mizigo. Viazi vikishaingia kwenye gunia la lumbesa pete inaweza kuwa humo, gunia la plastiki halina chuma, unalilaza unapitisha sahani pande zote dakika mbili tu. Pima na kiroba cha mbolea, mfuko wa koti, buti la gari, glavu zenyewe, hasa kidole cha pete.

Ufukweni ni habari nyingine kidogo. Matema watu wanaogelea, maji ya Nyasa yanapoza kidole, pete inaenda. Bahati yetu ni maji baridi yasiyo na chumvi, kule Dar maji ya chumvi yanazichanganya sana hizi VLF. Ila ukifika kwenye mistari ya mchanga mweusi unaonasa kwenye sumaku fanya graundi balansi upya. Kwenye mchanga mkavu pete haiendi kokote, lakini penye maji yanayopiga inazama haraka, dhahabu ni nzito, mchanga unaolowana unaimeza, kwa hiyo hapo wahi, siku hiyohiyo kama unaweza. Hakikisha mashine yako inaingia maji kweli, nyingi sahani ndo haina shida na maji ila kile kiboksi cha juu kikilowa umeua. Na midomo ya mito mimi siingii, mamba sibishani naye kwa pete ya mtu.

Jambo la ruhusa usilipuuze, na huku kwetu lina sura yake. Ukionekana na mashine begani, iwe Tukuyu, iwe Iringa vijijini, dakika kumi umezungukwa, wanaamini unatafuta mali ya Mjerumani. Kila kijiji kina hadithi ya sanduku la rupia chini ya mwembe. Kwa hiyo pitia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji kwanza, nenda na mwenye pete mwenyewe ajieleze, na kila unachochimba kionyeshe hadharani, hata kizibo, kiweke juu ya kiroba kila mtu akione. Wakiona vizibo ishirini wanachoka wanaenda zao. Maeneo ya kihistoria kama Kalenga na Isimila usiguse kabisa, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Chunya usiingie na mashine kwenye leseni ya mtu ukasema natafuta pete, hakuna atakayekuelewa, na hata mi nisingekuelewa.

Hela: kubalianeni kabla. Mimi nachukua nauli kwanza, tupate tusipate, halafu ikipatikana mtu anatoa anachoona sawa, ameshatoa mtu debe la viazi na nikaondoka nimefurahi. Usipange bei wakati pete iko mkononi mwako, hapo inakuwa kama umeiteka. Na kama pete umeikuta bila kuitafuta, usiitaje ikoje, anayesema ni yake aseme mwenyewe ndani imeandikwa nini.

Yule mama wa Isongole nilimwambia asiivae tena mpaka apite kwa sonara Mwanjelwa aipunguze, au kwa sasa azungushie uzi upande wa kiganjani. Akasema uzi hapana, ataifunga kwenye pindo la kitenge. Nikamwambia mama, kwenye pindo hapana, hiyo ndo utaniita tena.