Fizi zikitoa damu usiache mswaki, fanya hivi

Jamani wengi tunakosea hapa, fizi zikianza kutoa damu asubuhi mtu anaogopa anaweka mswaki pembeni eti zipumzike kwanza, na hapo ndo anaziharibu kabisa.

Iko hivi. Ukoga ukiganda pale jino linapokutana na fizi, bakteria wanachokoza na seli za fizi zinamwaga vichochezi vya ukuaji, kimojawapo kinaitwa VEGF, hiki kinaenda kupiga hodi kwenye vipokezi vya seli za mishipa ya damu, vikiitikia tu mishipa mipya midogo inachipua na ile ya zamani inaanza kuvujisha maji, ndo maana fizi inavimba inakuwa nyekundu ukiigusa kidogo damu hiyo. Ukoga ukibaki, hodi haziishi.

Kwahiyo chukua mswaki laini, ulaze mshazari kuelekea kwenye fizi, sugua taratibu dakika 2 asubuhi na usiku, dawa iwe na floraidi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno, siku za mwanzo damu itatoka, vumilia usiache. Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake kule Denmark waliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno, ndani ya wiki 3 wote fizi zikawaka, walivyorudia kusafisha zikatulia kwa kama wiki moja hivi. Wiki moja tu!

Ugaga ule mgumu kama jiwe hautoki kwa mswaki, nenda kwa daktari wa meno akuondolee, tafadhali usiukwangue na wembe wala pini.

Kunywa maji pia mdomo usikauke, mate yana kichochezi kingine, EGF, kinachosaidia vidonda vya mdomoni kufunga (mwanasayansi Stanley Cohen alikigundua kwenye tezi za mate za panya, akapata Nobel 1986).

Wavuta sigara nyie muwe makini zaidi, sigara inabana mishipa, fizi inaweza isitoe damu kabisa huku mfupa chini unaliwa.

Ukisafisha vizuri wiki 2 na bado damu inatoka, au kuna usaha, au jino linacheza, wahi hospitali, na umwambie daktari kama una mimba au unatumia fenitoini ya kifafa au nifedipini ya presha, hizo zinaweza kukuza fizi.