Kupandikiza ayoni za fedha kwenye filamu ya PET na kupima kilichobadilika

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi ambaye filamu zake za PET (plastiki ya chupa za maji) zilitoka kwenye mashine ya kupandikiza ayoni (atomi zenye chaji) zimejikunja kama majani makavu.

1. Kina. Tumia SRIM ya James Ziegler, programu ya kukadiria ayoni zitaingia kina gani. Ni ya bure na inatosha. Ayoni ya fedha yenye nishati ya keV 40 (kiloelektronivolti) husimama makumi ya nanomita tu chini ya uso. Ila SRIM huichukulia PET kana kwamba haibadiliki, kwa hiyo dozi (idadi ya ayoni kwa kila sentimita ya mraba) ikiwa kubwa, jibu lake ni makadirio.

2. Safisha kwa alkoholi, kausha, bana filamu ilale bapa juu ya bamba la shaba.

3. Mkondo. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. PET hupitisha joto kwa shida, na huanza kulainika kwenye nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Kwa keV 40, mkondo wa mikroampea 1 kwa sentimita ya mraba huleta wati 0.04 kwenye kila sentimita hiyo. Mikroampea 10 huleta wati 0.4. Dozi ya ayoni 10¹⁶ kwa sentimita ya mraba huchukua kama dakika 27 kwa mkondo mdogo, na chini ya dakika 3 kwa mkubwa. Chagua dakika 27. Ukiunguza filamu, hutajua tena kipi kimefanywa na ayoni na kipi na joto. Kama chanzo chako hutoa ayoni kwa mapigo, angalia wastani na pia kilele cha kila pigo. Kama ayoni zako zina chaji zaidi ya moja, hesabu ya dozi na ya nishati hubadilika zote mbili. Geji ya ombwe nayo itazamwe muda wote: vifungo vya kemikali vya PET vinapokatika, haidrojeni, CO na CO₂ hutoka, na presha hupanda. Ikipanda ghafla, punguza mkondo.

4. Dozi. Anza na 10¹⁵, kisha panda. Minyororo ya molekuli za PET hukatika, mingine huungana upya, na kaboni inayobaki hujikusanya katika vishada vinavyofanana na grafiti. Filamu huwa ya hudhurungi, kisha nyeusi, na ukinzani wake wa umeme hushuka. Ukikaribia 10¹⁶, atomi za fedha huanza kukusanyika kuwa nanochembe.

5. Vipimo. Infraredi ya ATR (mwanga huakisiwa ndani ya fuwele iliyogusa filamu) yenye fuwele ya almasi huona zaidi ya mikrometa 1 ndani, kwa hiyo kilele cha kabonili (kifungo cha kaboni na oksijeni) karibu na 1715 cm⁻¹ kitaonekana kizima hata tabaka la juu likiwa limeharibika kabisa. Fuwele ya gerimani (elementi Ge) huona kama mikrometa 0.4, ni afadhali. Mimi hutegemea Raman (kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli): tafuta vilele vya kaboni karibu na 1350 na 1580 cm⁻¹, leza ikiwa dhaifu, la sivyo utaipika kaboni mwenyewe.

Linganisha na kipande kilichofunikwa ndani ya chemba ileile, si kilichobaki kabatini, kwa sababu kile kilichofunikwa nacho kimepitia ombwe hilohilo.