Namna ya Kumchagua Mtaalamu wa Tiba ya Kiwewe Atakayekupokea Jinsi Ulivyo

Mtu aliyenusurika ukatili, vita, ajali au utoto wa mateso anapoanza kutafuta tiba, jambo la kwanza analouliza mara nyingi ni shahada za mtaalamu. Swali hilo ni la haki, na usajili wake uthibitishwe kwenye bodi au baraza linalohusika. Lakini wapo wenye vyeti vya kupendeza ambao bado humharakisha mteja kusimulia yaliyomkuta kabla hajawa na nguvu ya kuyastahimili. Kwa maoni yangu, kigezo kizito zaidi ni hiki: nani anayeamua mwendo wa tiba?

Dalili za kiwewe, kama vile jinamizi, kushtuka ovyo, ganzi ya hisia na kukwepa kila kinachokumbusha tukio, huwapata wengi katika siku za mwanzo, na kwa walio wengi hupungua zenyewe. Zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga usingizi, kazi au mahusiano, ni wakati wa kumwona mtaalamu. Anayefikiria kujiua asisubiri mwezi huo utimie. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kikao cha kwanza kitumie kumhoji. Mwulize anatumia tiba gani na kwa nini anadhani itakufaa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani kufanyia kazi fikra na mazoea yaliyotokana na tukio, pamoja na tiba ya miondoko ya macho, ambamo mteja hulikumbuka tukio huku akifuata kwa macho kitu kinachosogea, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980. Miongozo ya shirika hilo haishauri kumkalisha mtu mara tu baada ya tukio na kumtaka aeleze kila kitu, wala kumpa dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini ili kupunguza dalili za mwezi wa kwanza. Anayekubana useme yote siku ya kwanza, basi, hana mwongozo huo wa kumtetea.

Endelea na maswali yanayokuhusu wewe hasa. Kama hamzungumzi lugha moja, mkalimani atapatikana wapi? Asiwe mwanao wala mwenzi wako, kwa kuwa yapo mambo ambayo hutayasema mbele yao, na mengine hawastahili kubebeshwa. Kama wewe ni kiziwi au unatumia kiti cha magurudumu, uliza kuhusu lugha ya alama na njia ya kuingilia. Kama ubaguzi wa kabila, dini, jinsia au ulemavu ni sehemu ya jeraha lenyewe, mwambie, kisha usikilize anavyojibu: anayebishana nawe au kulipunguza jambo hilo hakufai, hata awe mpole kiasi gani. Asiyejua mila zako anaweza kuuliza kwa heshima, ila asikugeuze mwalimu wake kwa saa nzima unayoilipia.

Tiba yenyewe kwa kawaida huanza na usalama: kujifunza kuutuliza mwili kwa kuhisi nyayo zikigusa sakafu au kutaja vitu unavyoviona chumbani, na kukubaliana ishara ya kusimamisha mazungumzo wakati wowote. Baadaye ndipo kumbukumbu hushughulikiwa, kisha kurudi katika maisha ya kila siku. Hata hivyo, usalama usiwe kisingizio cha kutolikaribia jeraha kamwe. Kufanyia kazi kumbukumbu huumiza kwa kiasi, na mtaalamu mzuri hukueleza mapema maumivu gani ni ya kutarajiwa. Baadhi ya tiba hizi huchukua vikao 12 hivi, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza mmefika wapi.

Aeleze pia mipaka ya usiri tangu mwanzo, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akidhulumiwa. Anayekugusa bila ruhusa au kuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, mwache. Anayetaka uhusiano wa kimapenzi, mwache na umripoti kwenye bodi iliyomsajili. Na kama sababu ya kuondoka ni kwamba hamwendani tu, mwombe akupendekezee mwingine na, kwa idhini yako ya maandishi, ampelekee muhtasari wa tiba, ili usilazimike kuanza simulizi lako upya.