Somo: Kibali cha kumwaga majitaka ya kiwanda kwenye sewa ya jiji, Nairobi

Somo hili ni la wenye viwanda vidogo na vya kati: wasindikaji wa maziwa, watengenezaji wa sabuni na sharubati, wapaka rangi vitambaa, wachovya chuma. Wengi wenu huanza kwa kuuliza fomu inapatikana wapi. Fomu si kazi. Kinachorudisha maombi nyuma ni mwombaji kutoyajua maji yake: yanatoka wapi, ni mengi kiasi gani, yanatoka saa ngapi, yamebeba nini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo iko kiwandani, na ofisini tutapita tu.

Tuanze na nani anatoa nini. Sheria ya Mazingira ya 1999 (wengi huiita EMCA) inamtaka mwenye kiwanda amwage majitaka yake kwenye mfumo wa majitaka uliopo, kwa leseni ya anayeuendesha mfumo huo. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inakataza kumwaga maji ya kiwandani kwenye mabomba ya mtoa huduma bila idhini yake. Nairobi, mtoa huduma ni Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi. NEMA (Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira) ina leseni yake ya umwagaji, lakini hiyo ni ya anayemwaga kwenye mazingira, yaani mtoni au ardhini. Watu huzichanganya hizi mbili, wakajikuta wamelipia isiyowahusu. Ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka bado inakwenda NEMA, kibali cha sewa uwe nacho usiwe nacho.

Hatua ya 1: Fuata mabomba yako

Usiamini ramani ya jengo, hasa kama godauni lilijengwa kwa kazi nyingine. Nunua rangi ya chakula, ile nyekundu ya sharubati, mimina kwenye kila shimo la sakafu kwa zamu, fuatisha na ndoo mbili za maji, kisha mwache mtu asimame kwenye chemba ya nje aangalie. Utashangaa. Sinki la maabara litatokea kwenye mtaro wa mvua, na mfereji wa paa utatokea kwenye chemba ya choo.

Mtaro wa mvua si sewa. Industrial Area mitaro mingi inamwaga Mto Ngong, kwa hiyo shimo moja tu lililoungwa vibaya linakuhamisha kutoka sheria ya sewa hadi sheria ya mto, ambayo ni kali mara nyingi zaidi. Maji ya mvua nayo yasiingie sewa. Siku ya mvua kubwa ndiyo yanayofanya chemba zifurike barabarani.

Lengo ni laini tatu zisizokutana ndani ya kiwanda: ya choo, ya uzalishaji, ya mvua. Laini ya uzalishaji iwe na chemba yake ya mwisho, kabla haijaungana na kitu kingine chochote, ambayo mkaguzi anaweza kufungua mfuniko na kutumbukiza chupa bila kukuomba ufunguo.

Hatua ya 2: Pima wingi na mwendo

Sheria ya Maji inataka utaje mambo matatu: aina ya maji, kiwango cha juu kwa siku moja, na kasi ya juu ya kumwaga. Hilo la tatu ndilo huachwa wazi kwenye fomu.

Chukua kiwanda cha maziwa lala ambacho mita yake inasoma mita za ujazo 20 kwa siku. Tuseme 3 zinaingia kwenye boila na bidhaa, 2 zinaenda vyooni. Zinazobaki 15 ni za kibali. Lakini kama 6 kati ya hizo zinamwagika ndani ya saa moja ya jioni, wakati mitambo inaoshwa, basi kasi yako ni mita za ujazo 6 kwa saa, hata kama mchana kutwa bomba ni kavu. Andika hiyo 6. Ukigawanya 15 kwa saa za kazi ukapata wastani mzuri, umejifunga kwa namba ambayo utaivunja kila jioni.

Mwenye kisima ataje maji ya kisima pia. Ayafungie mita.

Hatua ya 3: Sampuli

Hapa tukae kidogo.

Tumia maabara iliyoteuliwa na NEMA. Matokeo ya maabara nyingine yanaweza kukataliwa hata yakiwa sahihi. Omba sampuli mchanganyiko, yaani maji yanayochotwa kila saa kwa zamu nzima na kuunganishwa kulingana na mtiririko wa saa ile. Chupa moja iliyochotwa saa nne asubuhi, maji yakiwa masafi, itakupa karatasi nzuri ambayo mkaguzi atakuja kuipinga kwa chupa yake ya saa kumi na moja jioni.

Joto na pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) hupimwa palepale kwenye chemba, haviwezi kusubiri. Mafuta yachukuliwe kwenye chupa ya kioo, kwa sababu hugandia kwenye plastiki na namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Chupa ya BOD ikae kwenye barafu na ifike maabara mapema, maana vijidudu havilali. BOD ni kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu kwa siku 5 kwenye nyuzi 20, kwa hiyo usimsumbue mtu wa maabara kesho yake. Majibu hayawezi kuwa tayari.

Vipimo vya kumwaga kwenye sewa vilivyowekwa na Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ni hivi, vya metali na kemikali nyingine vikiwa kando: BOD miligramu 500 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) 1,000, chembe zisizoyeyuka zilizomo majini 250, pH kati ya 6 na 9, joto kati ya nyuzi 20 na 35, sabuni 15. Kwa mafuta na grisi kuna namba mbili: 10 pale majitaka yanaposafishwa kwa mitambo ya kawaida, na 5 pale yanapoishia kwenye mabwawa. Majitaka mengi ya Nairobi huishia mtambo wa Dandora kule Ruai, ambao ni wa mabwawa. Kwa hiyo usishangilie ukipata 8. Ombeni jedwali linalotumika siku mnayowasilisha, kwa sababu kanuni hufanyiwa marekebisho.

Hatua ya 4: Rekebisha kabla ya kuomba

Maziwa yenyewe yana BOD ya karibu 100,000. Lita moja ikiingia kwenye lita 200 za maji safi kabisa, tayari umefika 500. Basi kabla ya kununua mtambo wowote, mwangalie mfanyakazi anavyofungua tangi kuliosha: yale maziwa yaliyobaki chini yanakwenda wapi? Kikwangulio cha mpira na ndoo ni shilingi chache, na vinashusha BOD kuliko kifaa cha laki kadhaa. Wenye sharubati, habari ni hiyohiyo na sukari. Wenye unga, fagieni kwanza, maji baadaye.

Halafu weka chujio la chembe, mtego wa grisi, na tangi la kusawazisha. Mtego wa grisi haufanyi kazi na maji ya moto: mafuta yaliyoyeyuka hupita kama maji, yakaenda kuganda mbele kwenye bomba la jiji. Maji yapoe kwanza.

Tangi la kusawazisha ndilo moyo wa mpango wote kwa kiwanda cha maziwa. Uoshaji wa mitambo hutumia soda kali, kisha asidi. Moja inasukuma pH hadi 12 au 13, nyingine inaishusha hadi 2. Kila moja peke yake ni kosa, lakini zikikutana tangini pamoja na maji mengi ya suuza, kazi kubwa ya kusawazisha inajifanya yenyewe, unabaki kurekebisha kidogo. Tangi hilohilo linakupunguzia ile 6 ya jioni: unaachilia polepole kwa saa 15 na kasi inakuwa 1. Mambo mawili ya kuangalia. Dawa ya klorini isikutane na asidi kamwe, iwe tangini au kwenye ndoo, kwa sababu gesi inayotoka inaua. Na maji ya maziwa yasilale humo bila kukorogwa kwa hewa. Yatachacha, pH itashuka, na jirani atapiga simu kabla ya mkaguzi.

Hatua ya 5: Faili la maombi

Barua, fomu iliyojazwa, nakala za usajili wa biashara na kibali cha biashara cha kaunti, mchoro wa mabomba (ule wa rangi nyekundu, si wa mwenye jengo), mchoro wa mtego na tangi, majibu ya maabara, orodha ya kemikali pamoja na karatasi zake za usalama, na hesabu ya maji. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 6: Ukaguzi na masharti

Watakuja. Mkabidhi mgeni mtu mmoja anayezijua chemba zote, si meneja wa mauzo. Kibali kikitoka, soma masharti kuliko unavyosoma tarehe: wingi kwa siku, saa za kumwaga, ratiba ya sampuli, ada. Ukibadilisha bidhaa au kuongeza mashine, rudi ukaombe upya. Kibali cha maziwa hakifuniki jibini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi naosha magari tu, Kariobangi. Nami nahesabiwa kiwanda?

Kaka, maji yako ni ya biashara, yana mafuta, mchanga na sabuni. Ndiyo, omba. Unahitaji chemba ya kutuliza mchanga na kitenganishi cha mafuta, vyote unaweza kujengewa na fundi mzuri. Oili chafu ya injini usiimwage popote, kusanya kwenye pipa uwape wanaoichukua kwa leseni. Na majirani zako wanaochovya kromiamu waambie kikomo cha kromiamu ya aina ya sita, ile yenye sumu kali, ni miligramu 0.05 kwa lita. Hiyo haishuki kwa mtego wa grisi.

BOD yangu ni 2,000. Nina kisima. Si nichanganye tu na maji ya kisima hadi ifike 500?

Hapana, mama. Fanya hesabu: mita za ujazo 15 zenye 2,000 ni kilo 30 za uchafu kwa siku. Ukiongeza maji hadi 60, kilo ni zilezile 30, ila sasa umevuka kiwango chako cha siku mara nne na bili imepanda. Wakaguzi wanaijua hila hii. Wanalinganisha mita yako na lita za maziwa ulizopokea.

Nimepanga godauni. Mwenye nyumba anasema jengo lina kibali cha sewa.

Alichonacho huenda ni kuunganishwa kwa vyoo. Kibali cha majitaka ya kiwanda kinafuata shughuli na maji yake. Kama mnatumia bomba moja na wapangaji wengine, jenga chemba yako kabla ya makutano, la sivyo siku moja utajibu kwa rangi ya mchapishaji wa fulana wa jirani.

Huku kwetu Mlolongo barabara yetu haina sewa. Tufanyeje?

Njia mbili. Ya kwanza ni kusafisha hadi kiwango cha kumwaga kwenye mazingira na kuomba leseni ya NEMA. Kwa kanuni zilezile za 2006, hapo BOD ni 30 badala ya 500, na mafuta hayaruhusiwi kabisa. Ya pili ni tangi la kukusanya na lori la kunyonya lenye leseni. Mkichagua lori, wekeni risiti ya kila safari inayoonyesha lilimwaga wapi. Lori linalorudi baada ya dakika ishirini halikufika kwenye mtambo.

Nimeambiwa na mtu "faili litakwenda haraka ukitoa ya chai". Nitoe?

Dai ankara yenye namba ya malipo. Hakuna ankara, hakuna malipo. Ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri, una tarehe ya kufuatilia kwa barua.

Sisi tuko Temeke, Dar. Somo hili linatuhusu?

Mabomba, sampuli na tangi, ndiyo, maji ni maji. Sheria ni nyingine: ninyi mna Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na mlango wa kugonga ni DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya huko Dar. Msinakili namba zetu, ombeni viwango vyenu hukohuko.

Maziwa yakirudi kutoka madukani yameharibika, kama lita 300, yapite kwenye tangi la kusawazisha polepole?

Usithubutu, ndugu yangu. Lita 300 ni kilo 30 za BOD, yaani uchafu wa mita za ujazo 60 zilizo kwenye kikomo kabisa. Kiwanda chako kina ruhusa ya 15. Tangi linagawa mzigo, haliupunguzi. Wafugaji wa nguruwe huyapokea kwa furaha, mradi uondoe pakiti na uwaambie ukweli kama yamechanganyika na dawa za kuoshea. Andika kwenye daftari tarehe, lita na aliyechukua, asaini, kwa sababu mkaguzi akiona mzigo ulirudi na hauonekani ulikokwenda, atadhani ulipita kwenye chemba.