Somo: Jinsi ya kujua hospitali yenu inamhudumia nani vizuri na inamwacha nani kwa benchi

Habarini wote, hasa nyinyi wa rekodi, manesi wa kasualti na watu wa kamati za ubora. Niliahidi kuandika hii kitu, wacha niandike yote mara moja.

Nimekaa rekodi miaka mingi hapa Nairobi na kuna siku moja hainitoki. Mama mjamzito, kiziwi, alikaa kwa benchi yetu toka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Hakuna mtu alimtusi wala kumfukuza. Jina lake liliitwa mara tatu, hakujibu, na utaratibu wetu ulikuwa ukiitwa mara tatu kimya faili inarudi chini kabisa, ikarudi chini, baadaye ikaitwa tena, ikarudi chini tena. Nesi aliyekuwa anaita ni mtu mwenye roho safi, angejua angemwendea mwenyewe amshike mkono. Jioni nikatoa ripoti ya siku na muda wa kungoja ukaonekana mzuri tu. Yaani yule mama alipotelea ndani ya wastani, na ni mimi niliupiga huo wastani.

Ndio maana nasema msianze kwa kutafuta nesi mbaya. Anzeni kwa hesabu.

Hatua ya 1: chagueni kitu kimoja cha kupima

Kimoja tu. Mkisema mnapima "usawa" mtakaa mikutano mwaka mzima. Chukueni kitu chenye saa ya kuanza na saa ya kuisha: toka mgonjwa afike mlangoni mpaka aonwe, toka aseme anaumwa mpaka apewe dawa ya maumivu, toka daktari aamue mama afanyiwe upasuaji mpaka aingie thieta. Zile ripoti zetu za kila mwezi, 705 na 717, zinahesabu watu na magonjwa, hazihesabu dakika, kwa hivo msizitegemee kwa hii kazi. Wekeni saa kwa faili, kalamu inatosha.

Hatua ya 2: andikeni mgonjwa ni nani, na mumuulize mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Unakuta karani anamwangalia mtu nguo anaandika mtaa, anasikia jina anaandika lugha. Hapana. Uliza: unakaa wapi, ungependa tuongee lugha gani, kuna kitu kinakupa shida kusikia, kuona ama kutembea, utalipa vipi. Ukimwambia kwanza sababu, kwamba tunauliza kila mtu ili tujue kama tunawahudumia sawa, wengi wanajibu bila shida. Uliza kila mtu kweli, hata yule ameshuka kwa gari kubwa, juu ukianza kuchagua wa kuuliza data yako imekwisha.

Ongezeni pia kama mtu alifika na kitambulisho au hana. Hiyo naisisitiza juu kitambulisho ni cha miaka 18 kwenda juu, na leba zetu zina wasichana wa 16 wanaokuja peke yao usiku, na mahali pengi kila kitu kuanzia usajili wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, mpaka malipo kinauliza namba ya kitambulisho na simu. Msichana hana vyote viwili. Faili yake inakaa kwa dirisha.

Hatua ya 3: gawanyeni namba

Chukua mfano, sio namba za kwetu. Wagonjwa 100, 80 wamengoja dakika 30 kila mmoja, 20 wamengoja dakika 130. Wastani ni dakika 50 na bosi anafurahi. Lakini wale 20 ni kina nani? Hilo ndilo swali lenyewe. Ndani ya kila kundi panga dakika kutoka ndogo hadi kubwa, angalia ile ya katikati, halafu nenda mwisho wa orodha uwasome wale walichelewa zaidi, faili moja moja.

Linganisha wa rangi moja ya triaji, yaani ile rangi mgonjwa anapewa kulingana na hali yake ni mbaya kiasi gani, wa njano na wa njano, wa chungwa na wa chungwa, la sivyo utasema wazee wanapendelewa kumbe walikuwa wagonjwa zaidi. Tenganisha pia mchana na usiku. Na kundi likiwa dogo, watu wanne watano, usikimbilie kusema kitu, ngoja miezi mitatu namba zijae.

Hatua ya 4: tembea njia ya mgonjwa

Ukishaona kundi linachelewa, toka ofisini. Vaa nguo za kawaida, ingia getini, uliza mlinzi kasualti iko wapi, panga foleni ya kadi, foleni ya kulipa, foleni ya labu, rudi foleni ya kulipa. Utaona vitu Excel haiwezi kukuonyesha. Sisi tuliona vibao vyote ni vya Kiingereza na vimewekwa juu sana, na mzee asiye na M-Pesa anatumwa dirisha lingine upande wa pili wa jengo, anatembea na kifua chake. Mkiweza nendeni na mgonjwa mwenyewe, au promota wa afya wa mtaa, yule anajua kwa nini watu wa Mukuru wanafika saa sita usiku na sio saa nne asubuhi.

Hatua ya 5: badilisheni kitu kimoja, kidogo, wiki mbili

Kwa yule mama wetu dawa ilikuwa kadi ya rangi kwa faili na sheria kwamba faili ya kadi hiyo hairudi chini, nesi anaenda kwa benchi. Baadaye tukaanza kupeana namba iliyoandikwa kwa karatasi badala ya kuita majina, ikawafaa hadi wale tulikuwa hatuwafikirii, wazee, na wale majina yao tulikuwa tunayasoma vibaya mpaka hawajitambui. Haikutaka bajeti. Haikutaka semina hotelini.

Halafu rudini mpime kitu kile kile, kwa njia ile ile, mbandike mchoro ukutani mahali manesi wanaona. Kama haijashuka, semeni haijashuka, mjaribu kingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Nesi wa Zamu ya Usiku: Asante kwa somo, lakini tuko wawili wadi ya watu arobaini, hizo dakika nitaziandika saa ngapi?

Jibu: Pole dada, nakuelewa kabisa. Usiandike za kila mtu. Chukueni faili kumi kila wiki bila kuchagua, mfano kila ya saba, na kwa kila faili andikeni saa ya kuanza na saa ya kuisha tu. Na hizo namba zako za usiku zikionekana mbaya usiogope, ndizo utapeleka kwa metroni kuomba mtu wa tatu.

Kijana wa Labu: Je, tuulize kabila?

Jibu: Mimi nasema hapana. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaweka asili ya kikabila na habari za afya kwa data nyeti, na kwa kazi yetu lugha na mtaa vinatosha kuonyesha pengo. Mtu wa Eastleigh anayeongea Kisomali anahitaji mkalimani, hahitaji karani ajue ukoo wake. Na tafadhali mkalimani asiwe mtoto wake wa miaka tisa.

Mama Mapacha: Mimi si mfanyakazi wa hospitali. Dada yangu aliruhusiwa akakaa siku sita zaidi juu ya bili. Hiyo inahesabika?

Jibu: Inahesabika sana mama, pole kwa hayo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kuzuia akina mama kwa sababu ya bili kunavunja haki zao. Na kwa watu wa rekodi, hiki ni kipimo kizuri ajabu: masaa toka daktari aandike mgonjwa aende nyumbani mpaka apite geti, ukigawanya kwa njia ya kulipa. Jaribuni hiyo moja mwone.

Daktari wa Kasualti: Hizi mashine za kupima oksijeni kwa kidole, ni kweli zinadanganya kwa ngozi nyeusi?

Jibu: Ndio daktari. Desemba 2020 watafiti wa Michigan kule Marekani walichapisha kwamba kati ya wagonjwa mashine iliwasomea asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya weusi walipopimwa damu yenyewe oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 88, na kwa weupe ni asilimia 3.6. Kwetu karibu kila mtu ni mweusi kwa hivo hutaliona pengo ukilinganisha wagonjwa wako wenyewe kwa wenyewe, kosa liko kwa wote. Mtoto anahema kwa mbavu na mashine inasema 93, mwamini mtoto, pima gesi ya damu kama mnaweza.

Mtu wa Kompyuta: Tunaletewa programu itatuchagulia wagonjwa wa kufuatiliwa nyumbani. Niulize nini kabla tusaini?

Jibu: Uliza inatambuaje kwamba mtu ni mgonjwa. Mwaka 2019 jarida la Science lilionyesha programu moja iliyotumika sana Marekani ilikuwa inakadiria ugonjwa kwa pesa zilizotumika kumtibu mtu, kwa hivo weusi waliokuwa wagonjwa zaidi wakaonekana wazima, juu pesa zilizotumika kuwatibu zilikuwa kidogo. Sasa fikiria hiyo hapa kwetu. Mtu wa Mathare ambaye hakuja kliniki miaka miwili kwa kukosa nauli atasomeka kama mzima kuliko mtu wa Kilimani anayepima presha kila mwezi. Kama wanasema inatumia gharama au idadi ya kliniki ulizohudhuria, usisaini, waambie walete majibu ya maabara na presha zenyewe.