Kijana akimeza vidonge ili akeshe na vitabu

Nauza dawa Majengo, mwaka wa 11 sasa. Mitihani ya chuo ikikaribia, vijana huja na picha kwenye simu: "Dadangu, hii unayo?" Mara nyingi ni Ritalin, vidonge vya kumakinisha akili, nao huvitaka ili wakeshe wakisoma. Mwezi uliopita alikuja mmoja midomo imemkauka, vidole vyatetema juu ya kaunta, siku mbili hajalala. Sikumuuzia. Nilimkalisha, nikampa maji.

Akiwa mwanao au nduguyo, anza hivyo. Muulize kwa upole amemeza nini, vingapi, saa ngapi, na kama amechanganya na muguka, yale majani ya kutafuna, au vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Ukianza kwa kupekua mkoba na kufoka, atakuficha, na hayo ndiyo daktari atakayotaka kujua. Weka pakiti hata ikiwa tupu. Kidonge cha kupewa na rafiki huenda si kile anachodhani.

Kifua kikimbana, moyo ukimwenda mbio, akizimia au akiona visivyokuwepo, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Msingoje kupambazuke.

Akishatulia, mweleze. Dawa hii huandikiwa mtu aliyepimwa, asiyeweza kutulia na kumakinika. Asiye na shida hiyo humwondolea usingizi, akajiona ameelewa kila kitu, na ilhali yaliyosomwa hutuama kichwani mtu akilala. Yule kijana aliniambia amemaliza sura nne. Nilipomuuliza ya kwanza yahusu nini, alifungua kinywa, akakifunga.

Lakini kama tangu utotoni hajui kutulia, mpeleke akapimwe, wala si aibu. Na aliyeandikiwa na daktari asiache kwa uamuzi wake.

Siku za kwanza za kuacha atalala mno, atakula sana, atakuwa mnyonge. Mwache alale. Akisema heri afe, usimwache peke yake hata kidogo, tafuta daktari. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Kudurusu nako kuna njia. Saa nne usiku vitabu vifungwe, simu ilale sebuleni. Aamke na adhana ya alfajiri, mji ukiwa bado na ubaridi, asome kurasa chache, afunge kitabu, aandike anachokumbuka. Kisha afungue aone alichosahau, arudie hapo tu. Siku ya mtihani asitoke bila mahamri na mbaazi tumboni. Vidonge vile huua hamu ya kula, na wengi huingia ukumbini na njaa wasiyoihisi.